Kufunga transdusa ya fishifainda kwenye jetiski: nilienda tezi, nikarudi ngamani

Kwanza niseme ukweli, mimi sio fundi wa kusomea, ni mvuvi wa wikiendi tu, natoka na jetiski pale Kunduchi, Dar, nazunguka nyuma ya kisiwa cha Mbudya kutafuta kolekole na changu, ila hii kazi ya kufunga transdusa (kile kipande kinachopiga mlio majini ili fishifainda ikuonyeshe kina na samaki kwenye skrini) nimeifanya mara tatu kwenye jetiski ileile na mara mbili za mwanzo niliboronga, kwa hiyo naandika na makosa yangu humuhumu ili wewe ufanye mara moja uende zako baharini.

Wahenga walisema kwenda tezi na omo marejeo ni ngamani. Mimi walinipata kabisa. Mara ya kwanza nilifunga transdusa nje kwa nyuma, yaani tezi, kama wanavyofunga kwenye boti za faiba zenye mashine ya nje, nikatoboa, nikapiga skrubu, nikajisifu. Nikitulia inasoma vizuri, nikigusa gesi kidogo tu skrini inajaa vumbi jeusi, kina kinarukaruka mita 3, mita 40, mita 3. Alafu siku moja nimepandisha jetiski mchangani, nageuka naona brekiti imekatika kidude kinaning'inia na waya. Nikarudi ngamani, ndani kwenye tumbo la chombo, na huko ndo pa kufunga kama jetiski yako ni ya faiba.

Sababu ni hii. Transdusa ndani yake ina kipande cha kauri ambacho ukikipa umeme kinatetemeka na kutoa mlio ambao sikio halisikii, mlio unashuka, unagonga chini au samaki, unarudi, na fishifainda inapiga hesabu ya muda. Kwenye maji ya bahari sauti inakwenda karibu mita 1500 kwa sekunde, kwa hiyo kwenye kina cha mita 15 kwenda na kurudi ni mita 30, yaani sehemu 2 za mia za sekunde. Sasa hiyo sauti adui yake ni hewa. Ikikuta povu inagonga inarudi hapohapo. Na jetiski ilivyoundwa haina propela nje, ina pampu inayonyonya maji chini ya tumbo na kuyatema nyuma kwa nguvu, kwa hiyo kule nyuma ukishakanyaga mwendo ni povu tupu. Ndo vumbi lile nililokuwa naliona. Faiba ngumu yenyewe sauti inapita, inapungua nguvu kidogo lakini inapita.

Sio kwamba ya nje haiwezekani, Sea-Doo Fish Pro toleo la 2019 ilikuja na fishifainda ya Garmin kutoka kiwandani kabisa, ila hao walichora chombo wakijua. Yangu ni mtumba iliyopitia Dubai, haikuchorwa kwa ajili ya samaki wa mtu yeyote.

Kabla hujanunua gundi jua tumbo lako limetengenezwa na nini. Hapa usiwe mvivu. Faiba tupu isiyo na kitu katikati ni sawa. Faiba yenye foma au mbao katikati haifai, ile foma ina hewa ndani na sauti inafia humo. Na kuna jetiski za siku hizi za plastiki, kama zile Sea-Doo za Polytec, jamii ya polipropilini, hiyo epoksi ya kawaida haishiki vizuri, utaibandua kwa kucha baada ya mwezi. Kwa hizo tafuta gundi iliyotengenezwa kwa plastiki ya namna hiyo au tumia brekiti ya nje inayoendana na modeli yako. Usimwage epoksi ukitegemea bahati.

Jambo lingine, angalia transdusa yenyewe. Zile za mlio wa kawaida, kilohezi 83 na 200, zinapiga kupitia faiba bila shida. Zile zinazochora picha ya chini kama fotokopi, za 455 na 800, ndani ya tumbo hazifanyi kazi, ukifunga huko umetupa hela. Na joto la maji lisahau, itakusomea joto la ngama.

Haya, kazi. Jetiski iwe nchi kavu au kwenye trela, fungua siti uiache wazi nusu saa nzima kabla hujagusa chochote. Mvuke wa petroli ni mzito unakaa chini kabisa, pale pale unapotaka kuinamisha kichwa. Alafu toa terminali ya betri, anza na hasi. Sigara weka mbali, na fundi anayevuta sigara weka mbali zaidi.

Ngama ikaushe na uisafishe. Yangu ilikuwa na mafuta, mchanga, na chambo ya ngisi iliyokauka ya tangu Krismasi. Tafuta sehemu bapa, karibu na mkuku (ule uti wa chini kabisa wa chombo) lakini pembeni yake kidogo, usawa wa injini kurudi nyuma, isiwe juu ya tundu la kunyonya maji na isiwe kwenye mbavu ambapo faiba ni nene. Sehemu hiyo lazima iwe ndani ya maji chombo kikiwa kimetulia na kikienda taratibu. Na cheki shafti. Shafti inazunguka kwa kasi, kebo ikiisogelea itavutwa na transdusa itang'oka na gundi yake, kwa hiyo chagua sehemu ambayo kebo inaweza kupanda juu bila kupita karibu na shafti wala bomba la moshi.

Umepata sehemu? Usigundishe bado! Jaribu kwanza, na hili ndo watu wengi wanaruka. Shusha jetiski kwenye maji ya mita 5 mpaka 10, chovya transdusa nje pembeni kwa mkono usome kina, alafu itie ndani. Watu huwa wanatumia kifuko cha plastiki chenye maji, sa huku kwetu mifuko ilipigwa marufuku Juni 2019, mimi natumia glovu ya mpira ya hospitali, naitia maji kidogo, natia transdusa ndani, nafunga kwa rababendi, naiweka pale chini nimelowesha faiba pia ili pasiwe na hewa katikati. Kina kikilingana na cha nje, au kikipishana kidogo sana, hapo ndo penyewe. Kikigoma sogeza sentimita 10 ujaribu tena. Mimi sehemu ya kwanza niliyoipenda kwa macho haikusoma kitu, nadhani chini yake palikuwa na kitu katikati ya faiba. Sehemu ya tatu ikakubali. Weka alama na maka peni.

Sasa gundi. Tumia epoksi ya pande mbili inayokauka polepole, sio ile ya dakika 5. Ya dakika 5 inachemka, inashika kabla hewa haijatoka. Silikoni nayo usitumie kubandika transdusa, ni laini inameza mlio. Piga msasa namba 80 pale ulipoweka alama mpaka rangi itoke na uone faiba yenyewe ikiwa na mikwaruzo, piga na uso wa transdusa kidogo tu kuondoa mng'ao, futa vyote kwa asetoni, acha vikauke.

Kwa kuwa tumbo la jetiski lina mwinamo, ukibandika flati transdusa itaangalia upande. Kwa wengi wetu wa mita 10 mpaka 40 haina madhara makubwa maana mlio unapanuka kama koni, kwa ile ya nyuzi 20 ukiwa mita 30 unaona duara la mita 10 hivi chini, ila ukitaka kuiweka sawa, kata kipande cha bomba la PVC la maji taka kimo cha sentimita 3 hivi, chonga upande wa chini ufuate mwinamo wa tumbo, kibandike na silikoni (hapa sawa, ni ukuta tu), kikikauka unapata kisima kidogo cha kumwagia epoksi. Usimwage nyingi, unataka transdusa iwe karibu na faiba kadri inavyowezekana.

Na hapa ndo nilipoboronga mara ya pili. Nilikoroga epoksi kama nakoroga uji wa mtoto, haraka haraka, mwiko unagonga bakuli. Ikajaa vipovu vidogo vidogo, sikuvijali, nikabandika, nikasubiri siku nzima, nimeshuka baharini skrini inasoma mita 2 kila mahali mpaka katikati ya mkondo. Nilipoing'oa kwa patasi nikaona upande wa chini, epoksi imekuwa kama andazi limekatwa katikati. Basi koroga taratibu kwa dakika 2 au 3, kijiti kisitoke juu ya gundi, alafu iache dakika chache vipovu vipande juu vitoke. Mwaga kidogo pale, paka kidogo pia kwenye uso wa transdusa, shusha kwa kuinamisha upande mmoja uanze kugusa kwanza, alafu ibonyeze huku unaizungusha kushoto kulia kama unakamua limao. Utaona vipovu vinatoka pembeni. Endelea mpaka viishe. Weka kitu kizito juu, mimi niliweka bildi (ile risasi ya kamba ya kupimia kina) ya kilo moja, acha masaa 24. Mchana wa Dar epoksi inashika mapema kuliko ilivyoandikwa kwenye kopo, kwa hiyo fanya asubuhi au jioni na ukoroge kidogo kidogo.

Waya. Kebo ya transdusa usiikate, hata kama imezidi mita 4. Ukiikata na kuunga unaharibu na unaingiza kelele. Iliyozidi ikunje kwa mduara mkubwa uifunge kwa kebo tai ukutani. Isipite sambamba na waya wa koili na plagi, maana utaona mistari kwenye skrini inayopanda na kushuka na gesi, hiyo sio samaki. Umeme chukua moja kwa moja kwenye betri, sio kudandia waya wa swichi ya kitu kingine, na weka fyuzi karibu na chanya, saizi iliyoandikwa kwenye kitabu cha kidude chako, nyingi za ndogo ni ampea 3. Betri ya jetiski ni ndogo, ukikaa masaa na fishifainda imewaka injini imezimwa utabaki huko unapungia ngalawa. Wengine tunabeba betri ndogo ya volti 12 ampea-saa 7 pembeni kwa ajili ya skrini peke yake, na faida nyingine ni kwamba ukipiga stata skrini haizimiki.

Pa kupitishia kebo juu toboa tundu dogo kwanza kisha ongeza, na ukianza kutoboa zungusha drili kinyume mpaka upite ile rangi ngumu ya juu, isipasuke. Weka glandi (kile kizibo kinachobana kebo kwenye tundu) na sila ya baharini. Tundu lolote juu ya jetiski ni tundu la maji siku ukipinduka, na utapinduka.

Mwisho mipangilio. Chagua maji ya chumvi, chagua aina sahihi ya transdusa kwenye menyu, na rekebisha kimo maana transdusa iko juu ya mkuku. Hapo sasa nilimtafuta mzee mmoja mvuvi pale Kunduchi, nikamwambia shikamoo mzee, naomba unisaidie na bildi yako. Akacheka. Akaishusha kamba, akaivuta akihesabu kwa mikono iliyonyooshwa, pima moja, pima mbili, mpaka tisa na kidogo. Pima moja ni kama mita 1.8, kwa hiyo ni mita 16 na ushee, na skrini yangu ilikuwa inasema 16.7. Mzee akaitazama ile skrini akasema, "Mwanangu, na kama chini ni mchanga au mwamba inakwambia?" Nikamwonyesha ule mstari wa chini, mwamba unachora mnene na mkali, tope linachora hafifu. Akasema yeye anapaka sabuni kwenye bildi ipande na mchanga, na hajawahi kununua fyuzi. Na wewe ukilinganisha na bildi ya mtu, pimeni wote wawili kwa wakati mmoja, maana siku za bamvua maji yetu yanapishana zaidi ya mita 3 kati ya kujaa na kupwa, ukipima asubuhi ukalinganisha mchana utaanza kuilaumu gundi bure.

Kwa mwendo usiitarajie miujiza, mpaka noti 5 au 6 (maili za baharini kwa saa) inasoma safi, ukiruka mawimbi ya kusi inapotea, kawaida. Kelele ikizidi punguza sensitiviti kabla hujafikiria kung'oa kitu. Na ukienda kule mkondo wa Pemba ambako chini ni mamia ya mita, kidude kidogo cha kilohezi 200 hakitaona chini kabisa, haijaharibika, ni kina tu.

Kila ukirudi osha ngama na maji yasiyo na chumvi, chomoa plagi nyuma ya skrini uipake grisi nyeupe kidogo, ile ya silikoni. Chumvi ndo inayoua hizi vitu, pini zinageuka kijani siku mbili tu, na pini ikishakatika unanunua kebo nzima pamoja na transdusa yake.