Kuuza mtandaoni Arusha na Moshi bila simu kukuendesha

Mwenye fremu Soko Kuu la Arusha akishateremsha shata, mteja aliyechelewa anaona kufuli na kwenda zake, kesho atarudi. Anayeuza viatu au mitumba ya kuchagua kwa WhatsApp na Instagram hana shata. Saa 5 usiku anaulizwa "hii ipo saizi 39?", saa 11 alfajiri anaulizwa "mbona kimya?". Wengi hudhani wanachoshwa na wingi wa wateja. Mara nyingi kinachowachosha ni maswali yanayojirudia na mizigo isiyo na saa maalumu ya kuondoka, na yote mawili yanarekebishika.

Wiki moja ya daftari

Kabla ya kubadilisha chochote, chukua daftari la shule ulichore safu tatu: saa ujumbe ulipoingia, swali lenyewe, na kama aliyeuliza alinunua. Jaza siku 7 mfululizo, Jumapili ikiwemo. Usitegemee kichwa, maana mteja msumbufu mmoja hukaa akilini kuliko kumi waliolipa kimya kimya. Ukihesabu, utakuta mengi ni yaleyale: bei gani, saizi zipi, mko wapi, mnatuma mkoani, mzigo unafika lini. Itazame pia safu ya saa. Kama wanaoandika usiku ni wengi lakini wanaolipa ni wa asubuhi, usiku wako unautoa sadaka.

Bei iandikwe juu ya picha. "Bei njoo DM" inasemwa kwamba inamvuta mteja, kumbe inakuvuta wewe: kila mpita njia anayetaka kujua tu anageuka mazungumzo ya dakika tano. Katalogi ya WhatsApp Business, ile WhatsApp ya wafanyabiashara, inabeba bidhaa hadi 500, kwa hiyo nafasi ipo. Kila bidhaa iwe na bei, saizi zilizobaki, na gharama ya kuisafirisha. Maswali yatakayobaki yatengenezee majibu ya haraka, ambayo programu inaruhusu hadi 50. Unaandika mkwaju (/) na neno fupi, jibu zima linatokea. Kwa mfano /moshi ilete: "Mzigo wa Moshi unaondoka Arusha kwa basi saa 8 mchana, Jumatatu hadi Jumamosi. Unachukulia ofisi ya basi, stendi. Nauli ya mzigo analipa mpokeaji."

Kufuli

Weka saa za kazi kwenye programu, kisha washa ujumbe wa kutokuwepo utoke wenyewe nje ya saa hizo. Hapa ndipo wengi wanapoharibu. Wanaandika "Asante kwa kuwasiliana nasi, tutakujibu hivi punde." Mteja anaingoja hiyo "hivi punde", baada ya dakika kumi anatuma alama za kuuliza, baada ya nusu saa anapiga. Ujumbe unaofanya kazi unataja saa:

"Habari. Duka limefungwa saa 12 jioni. Tunafungua kesho saa 2 asubuhi na utajibiwa kabla ya saa 3. Bei na saizi ziko kwenye katalogi. Tafadhali usilipie kabla hatujathibitisha kuwa bidhaa ipo."

Sentensi ya mwisho ni ya lazima kwa mitumba, ambako kila nguo ni moja tu. Wawili wakilipia gauni lilelile usiku, asubuhi yako nzima itaishia kwenye kurudisha pesa na kuomba radhi. Anayeuza bidhaa zenye stoku, kama kahawa ya kusaga ya pakiti za gramu 250, anaweza kuifuta na kuweka Lipa Namba yake.

Sasa kosa ambalo halionekani kirahisi: ujumbe huu hautoki kama simu haina intaneti. Ukizima data ili upumzike, au umeme ukikatika simu ikafa, mteja anakutana na ukimya mtupu. Acha data imewashwa, nyamazisha sauti za programu ya biashara tu, na uwe na pawabenki iliyojaa.

Kosa jingine ni kutumia laini moja kwa biashara na ukoo. Mama mzazi anaandika kutoka Rombo kuuliza hali, anajibiwa "Duka limefungwa". Sajili laini ya pili kwa namba yako ya NIDA. Ile ya ndugu na marafiki iweke kwenye kitochi, hicho hicho cha tochi na redio. Jumapili unatoka na kitochi. Simu ya duka inabaki nyumbani kwenye chaji. Na usichungulie. Ukimjibu mteja mmoja saa 4 usiku, umeshamfundisha kwamba kufuli lako ni pambo.

Saa ya mzigo

Oda iliyolipwa kabla ya saa 5 asubuhi inaondoka leo. Inayolipwa baada ya hapo inaondoka kesho. Sheria hiyo moja itakurudishia alasiri zako kuliko nyingine yoyote, mradi usimvunjie mtu, hata shemeji.

Panga mizigo ya mjini kwa uelekeo. Njiro na Kijenge mzunguko mmoja; Sakina na Ngaramtoni mwingine; Tengeru na Usa River ziende pamoja kwa barabara ya Moshi. Tuseme boda ya safari moja Njiro ni 4,000: mizigo mitatu kwa safari tatu ni 12,000. Ukipatana na bodaboda mmoja 7,000 kwa mzunguko mzima, umeokoa 5,000 na simu kadhaa za "uko wapi?". Ukitangaza "usafiri bure", gharama hiyo iwe imo kwenye bei, la sivyo unakula mtaji ukidhani unafanya ukarimu.

Mzigo wa basi uandike kwa maka peni pande mbili: jina la mpokeaji, namba yake, mji. Upande mmoja hautoshi, kwa sababu kwenye buti maboksi hulaliana na maandishi hufichika. Funga kwa selotepu kuvuka kona zote. Kisha piga picha risiti, namba ya basi na namba ya ofisi ya mizigo zisomeke, umtumie mteja hapo hapo ukiwa stendi. Akikwama jioni, atapiga kule ulipo mzigo, hatakupigia wewe uliye kwenye sherehe ya kipaimara.

Pesa na msaidizi

Usithibitishe malipo kwa picha ya ujumbe wa malipo ambayo mteja amekutumia. Za kughushi zipo tele. Angalia salio lako. Fanya hivyo mara mbili kwa siku, kabla ya kufunga mizigo na kabla ya kufunga duka, badala ya kushtuka kila simu inapolia.

Ukimpata wa kukushikia siku moja kwa wiki, usimwachie simu yako. WhatsApp inakuruhusu kuunganisha vifaa vinne zaidi; mwunganishie simu yake, na akiondoka unamtoa papo hapo. Vifaa hivyo hujitoa vyenyewe kama simu kuu haijatumika kwa siku 14, jambo la kukumbuka ukisafiri. Namba ya siri ya pesa haimhusu.

Watu wa nyumbani nao wanahitaji kuambiwa saa. Anayefanyia kazi sebuleni huonekana hana kazi, hivyo ndiye anayetumwa sokoni, hospitali na kwenye vikao vya harusi. Taja vipindi viwili ambavyo hupatikani, yaani cha kujibu na cha kufunga mizigo, halafu muda uliobaki uwe mkarimu kweli.

Mwezi wa Disemba ratiba hii haitoshi. Watu wanarudi Kilimanjaro kwa sikukuu, mabasi ya kutoka Dar es Salaam yanajaa abiria na mabegi, na mzigo wa Kariakoo uliozoea kufika siku moja unaweza kulala njiani. Tangaza tangu mwanzoni mwa mwezi kwamba oda za kuagiza zinafungwa tarehe 15, na za kutuma mikoani tarehe 20. Baada ya hapo uza kilichopo mkononi tu, kwa wanaokuja kuchukua wenyewe.