Jinsi ya kuchangishana hela za kebo ya baharini na majirani (mlivyo na bajeti ndogo na kila mtu ana lake)

Hii ni kwa yule anayejiuliza inakuwaje serikali tano sita, moja huku nyingine kule mwisho wa dunia, zinakaa zinachanga hela za waya mmoja na usiku wanalala. Mfano nautoa kwenye kebo ya telegrafu ya Pasifiki ya 1902, kutoka Kanada mpaka Australia na New Zealand, maana ile ndo walifanya kweli, na makosa yao yanaonekana vizuri tu.

Kwanza amueni mnachanga kama wenye mali au kama watoa ruzuku. Hapa watu wanapita haraka halafu wanajuta. Ruzuku ni hivi, kampuni inaweka kebo, kebo ni yake, bei anapanga yeye, nyie mnampa hela kila mwaka asilie hasara. Ndivyo telegrafu ilivyofika Zanzibar 1879, kebo ya kampuni toka Aden kushuka Msumbiji hadi Durban, na serikali ya Uingereza pamoja na makoloni ya Cape na Natal wakatoa ruzuku kwa sababu vita vya Wazulu viliwaamsha, habari ya jeshi la Waingereza kushindwa na Wazulu kule Isandlwana ilichukua wiki kadhaa kufika London. Ni njia ya haraka sikatai, ila baadaye ukitaka bei ishuke unapiga magoti. (Na neno simu lenyewe asili yake ni Kiajemi, waya, kwa hiyo waya ndo ulitupa jina.)

Watu wa Pasifiki walichagua kumiliki. Mwaka 1899 Uingereza ilijaribu kukwepa, ikasema mi ntachangia hasara tu, 5/18 na isizidi pauni 20,000 kwa mwaka. Makoloni yakaja juu, tulikubaliana ushirika we unaleta sadaka? Miezi michache tu London ikarudi mezani kama mbia. Kwa hiyo mkubwa akianza kurudi nyuma msinyamaze, lalamikeni kwa maandishi na wote pamoja.

Sasa mgao. Hapa chukua kalamu kabisa. Kwanini kumi na nane na sio kumi? Kulikuwa na makoloni manne ya upande wa kusini, New South Wales, Victoria na Queensland (haya matatu ni ya Australia) na New Zealand, kila mmoja akabeba moja ya tisa. Wanne hao jumla 4/9, inabaki 5/9, igawe mara mbili kwa Uingereza na Kanada, kila mmoja anapata 5/18. Basi. Uzuri wake mafungu hayahusiani na nani anatumia kebo sana mwaka huu, kwa hiyo hakuna kugombana kila Januari. Tuseme mwaka umeisha na hasara ya pauni 90,000 (namba yangu ya mfano hii, sio ya kwenye vitabu vyao), fungu moja la 18 ni pauni 5,000, Uingereza inatoa 25,000, Kanada 25,000, na wale wanne 10,000 kila mmoja. Mtoto wa darasa la sita anaikokotoa. Ikija faida unagawa vilevile. Viti vya bodi navyo viandikeni mapema, pale vilikuwa vinane, Uingereza 3, Kanada 2, Australia 2, New Zealand 1, yaani mkubwa ana vingi lakini peke yake hapitishi kitu.

Kabla ya kusaini, jiulize nani atakula hasara kebo ikiwepo. Usiulize nani anaipenda, wote watasema wanaipenda. South Australia, koloni jingine la hukohuko Australia, haikuingia kwenye mchango na wala sio roho mbaya, wao ndo walijenga laini ya nchi kavu ya 1872 kutoka Adelaide hadi Darwin, kila telegramu ya Ulaya ilipita kwao wakalipwa, sasa uwaombe hela za kebo itakayowapita pembeni? Na kampuni ya Eastern Extension iliyokuwa imeshika njia ya Asia ilipiga vita mradi miaka na miaka.

Halafu kosa lao kubwa, hawakufunga mlango. Eastern ikaja na ofa tamu, ntaweka kebo mpya kupitia Durban na Mauritius hadi Perth, siombi ruzuku, na bei nashusha taratibu, nyie nipeni tu ruhusa ya kufungua ofisi zangu mijini nichukue telegramu moja kwa moja kwa wateja. South Australia, Western Australia na Tasmania wakasaini 1900. Hao haya, hawakuwa kwenye mchango. Lakini Januari 1901 New South Wales nayo ikasaini, na huyu ni mbia kabisa wa kebo ya Pasifiki! Kanada na New Zealand walikasirika na mi naona walikuwa na haki, mwenzako kwenye upatu hawezi kwenda kumfungulia duka mshindani wenu sebuleni kwake. Wekeni kifungu kwenye mkataba, mbia haruhusiwi kumpa mshindani leseni bila wengine kukubali, mistari miwili tu inatosha.

Njia ya kupita. Walitaka kebo iguse ardhi ya Mwingereza peke yake, na ukiwa na masharti ya hivo unalipa. Sandford Fleming, yule injinia wa Kanada aliyeupigania mradi huu mpaka mwisho, 1894 alijaribu kuchukua kisiwa kitupu cha Necker karibu na Hawaii, serikali ya Hawaii ikasikia ikatuma meli ikawahi kusimika bendera. Ikabidi waruke kutoka Bamfield, British Columbia, moja kwa moja hadi kisiwa cha Fanning, maili za baharini kama 3,459, hakuna pa kupumzika. Waya ukiwa mrefu hivyo ishara inachelewa, dawa yake ni shaba nene, wakaweka ratili 600 za shaba na ratili 340 za gutapacha (utomvu wa mti ulioganda, wa kufunika shaba umeme usivuje) kwa kila maili moja, na meli mpya, Colonia, ikajengwa ya kubeba kipande hicho chote. Toka Fanning ni Fiji, kisha Norfolk, hapo inagawanyika moja Queensland moja New Zealand. Kila kitu karibu pauni milioni 2, mkopo sio kodi ya mwaka mmoja, na tarehe 31 Oktoba 1902 ikakamilika, Fleming akatuma telegramu mbili zikazunguka dunia, moja mashariki moja magharibi.

Kwenye kupima faida usiangalie droo ya kaunta tu. Miaka ya 1890 neno moja Australia kwenda Uingereza lilikuwa shilingi 4 na peni 9 za Uingereza (peni 12 ndo shilingi moja enzi hizo), na anwani nayo inahesabiwa. Telegramu ya maneno 12 ni shilingi 57. Ilipofika 1902 neno ni shilingi 3, telegramu ileile shilingi 36, na sehemu ya huo mshuko mshindani aliufanya kabla waya haujagusa maji, kwa woga tu. Waziri wa fedha akikuonyesha hasara ya bodi, we muonyeshe hizo shilingi 21.

Mwisho tengeni hela ya waya wa pili. Septemba 1914 meli ya kivita ya Wajerumani, Nürnberg, ilifika Fanning ikipeperusha bendera ya Ufaransa, wakashuka wakakata kebo na kuvunja mitambo, mawasiliano kwisha. Kebo ya pili walikuja kuiweka 1926, redio ya masafa mafupi nayo ndo ilikuwa inaanza kuwala wateja, na 1929 mali yote ikauzwa kwa kampuni.