SOMO: Kuandika na kujichapishia riwaya ya mapenzi ya binadamu na jini (soma yote kabla hujauliza)

Wakuu, wiki hii peke yake nimeulizwa "naanzaje?" mara kumi na moja. Naweka hapa, sitarudia tena inboksi. Nimejichapishia riwaya sita za aina hii. Sijatajirika, na bado naandika alfajiri kabla nyumba haijaamka.

1. Chagua kiumbe mmoja: jini, mzimu, mnyonya damu, mtu anayegeuka mbwa mwitu. Mmoja tu.

2. Jiulize huo ujini wake unazuia nini kwenye mapenzi. Ukimvua ujini na hadithi ikaendelea vilevile, huna riwaya ya aina hii, una kijana mwenye macho mekundu.

3. Mwisho wawe pamoja. Ukitaka kuwaua wote wawili andika tanzia, ila usimuuzie msomaji wa mapenzi.

4. Daftari la kanuni. Hapa ndipo nilipoumbuka. Kitabu changu cha kwanza, ukurasa wa tisa, binti yuko kituo cha basi saa kumi jioni. Abiria wote vivuli vyao vimelala virefu barabarani, isipokuwa mtu mmoja asiye na kivuli. Ndivyo alivyomjua kuwa ni jini. Kitabu cha tatu, jini yule yule kapotea sura tano, binti kakata tamaa, mara kivuli cha jini kinatua kwenye pazia kabla hata hajagonga mlango. Niliiandika ile sura huku nalia. Mhariri alikuwa mpya, vitabu viwili vya mwanzo hakuvisoma, akaisifia. Siku mbili baada ya kutoka, ujumbe wa kwanza: "Hana kivuli huyu, au nimesoma vibaya?" Hadi jioni walikuwa tisa. Na kukifuta tu haiwezekani, kwa sababu sura tatu zinazofuata zimekalia kivuli hicho hicho.

Kwa hiyo: kabla ya rasimu, andika anaweza nini, hawezi nini, kinachomuumiza, na nani anajua siri yake. Kila kanuni iwe na namba ya ukurasa ilipotajwa mara ya kwanza. USITUNZE kichwani. USIMPE mhariri kitabu cha pili bila daftari. Na kitabu cha kwanza kikishatoka, kanuni zake zimefungwa. Hata upate wazo zuri namna gani, limechelewa.

5. Andika rasimu hadi mwisho bila kugeuka nyuma.

6. Iache wiki tatu, kisha isome kwa sauti. Maneno ya mahaba yanayopendeza machoni mara nyingi huumbuka mdomoni.

7. Wasomaji wa awali watatu, asiwemo mama wala mchumba. Ndipo mhariri wa kulipwa.

8. Jalada. Litazame likiwa dogo kama ukucha. Jina lisiposomeka, rudia. Kwa KDP, huduma ya Amazon ya kujichapishia vitabu, pikseli 2,560 za urefu kwa 1,600 za upana zinafaa. Kwa kitabu cha karatasi, usiguse mgongo wa jalada kabla idadi ya kurasa haijatulia: upana wake kwa karatasi ya krimu ni kurasa mara inchi 0.0025, nyeupe ni mara 0.002252. Kurasa 300 za krimu ni inchi 0.75. Ukiongeza sura baadaye, jina linahamia ubavuni.

9. Pakia EPUB, yaani faili la kitabu cha kidijitali. Kitabu cha kidijitali cha dola 2.99 hadi 9.99 kinaweza kupata mrabaha wa asilimia 70, kwa wanunuzi wa nchi zilizoorodheshwa tu. Kwingineko ni 35. Ukijiunga na KDP Select, mpango wa hiari wa KDP, nakala ya kidijitali haiuzwi popote pengine kwa siku 90, na mkataba unajirefusha wenyewe usipoondoa alama ya kujirefusha.

Maswali yaje.

mgeni27: Mkuu kuchapisha bei gani?

Mwandishi: Kupakia ni bure. Pesa inaliwa na 7 na 8. Umezisoma?

mgeni27: Nimepitia juu juu.

Mwandishi: Inaonekana.

kalamu_butu: Mimi naona daftari ni kujitesa. Ni hadithi ya kubuni, jini anaweza lolote.

Mwandishi: Kama anaweza lolote, mbona anateseka sura ishirini kwa ajili ya msichana mmoja? Si ajifanyie muujiza waoane ukurasa wa pili? Asiyeweza ndiye anayesomeka, kaka.

usikumanane: Asante kwa somo dada. Hizo kanuni nazionyeshaje bila kugeuka mwalimu? Yangu imejaa kurasa za maelezo.

Mwandishi: Swali zuri hili. Ionyeshe kanuni pale inapomgharimu mtu. Tuseme jini wako havuki kizingiti mpaka aitwe jina. Usieleze. Wagombane kwanza, kisha msimamishe mlangoni, mvua inamnyeshea, na binti ndani anakunja nguo polepole, shati baada ya shati, midomo kaifunga. Anajua kabisa. Msomaji ataielewa kanuni kabla nguo hazijaisha. Yale maelezo usiyatupe, yahamishie kwenye daftari. Niletee sura moja nikutazamie.

usikumanane: Nakuletea kesho, Mungu akipenda.

pilipili_kichaa: Sura za kati nikiziandikisha akili mnemba je?

Mwandishi: KDP tangu Septemba 2023 wanakutaka uwaambie hivyo unapopakia. Ukishasema, nakuachia wewe na wasomaji wako.

tumaini_la_mwisho: Kuna aliyetoka kimaisha kwa njia hii au tunajifariji?

Mwandishi: Amanda Hocking wa Marekani. Mwaka 2010 alianza kujiuzia hadithi za namna hii mtandaoni akitafuta dola 300 za kwenda Chicago kwenye maonyesho ya vikaragosi. Akauza zaidi ya nakala milioni moja, na 2011 shirika la St. Martin's Press likampa dola milioni 2 kwa vitabu vinne. Ila alikuwa na miswada mingi kabatini kabla hajaanza. Wewe una mingapi?

tumaini_la_mwisho: Nusu.

kalamu_butu: Nyongeza: majina ya wapenzi yasianze na herufi moja. Nilikuwa na Salma na Salim, wasomaji walinitukana.

Mwandishi: Hiyo nakuunga mkono.

msomaji_kimya: Kile kivuli ulikifanyaje mwishowe?

Mwandishi: Faili nililisahihisha: nikaweka harufu ya udi badala ya kivuli, nikaziandika upya zile sura tatu. Nakala za karatasi zilizokwisha uzwa ziko huko huko. Kuna msomaji mmoja anashikilia kwamba kile kilikuwa kivuli cha mtu mwingine aliyekuwa anamfuata jini nyuma. Sijamkatalia. Nimeiandika kwenye daftari.