Kuachilia Yaliyopita ili Upokee Baraka: Hatua kwa Hatua

Wengi wanaokuja kuombewa hapa Goma husema, "Nimewasamehe wote." Hapo ndipo kazi inapokwama. Msamaha wa jumla haumgusi mtu yeyote, na kinyongo hurudi wiki hiyohiyo. Anza na mtu mmoja na jambo moja.

Jioni, nyumba ikishatulia, chukua karatasi uandike mistari mitatu. Wa kwanza: nani. Wa pili: alichukua nini, na kwa kiasi gani. Wa tatu: mpaka leo unangoja nini kutoka kwake. Kwa mfano: "Shemeji. Aliuza kiwanja cha marehemu mume wangu kule Majengo, mita 15 kwa 20, wakati tumekimbilia Sake kwa sababu ya volkano, Mei 2021. Ningali nangoja aje aniombe radhi mbele ya jamaa." Mstari wa tatu ndio unaokushika. Kiwanja kilishakwenda, kinachokunyima usingizi ni kule kungoja.

Kabla ya kusamehe, lia. Watu huambiwa upesi mno kwamba Mkristo halalamiki, kumbe Zaburi 13 ina mistari sita tu na swali la "hata lini" linarudi mara nne. Ifuate kama ilivyopangwa: mistari ya 1 na 2 mwambie Mungu uchungu wako bila kuupamba, ya 3 na 4 omba unachotaka, ya 5 na 6 mkumbushe fadhili zake. Ukikaa siku kadhaa kwenye mistari miwili ya kwanza, si dhambi.

Ndipo useme kwa sauti, ukitaja jina: "Bwana, namwachilia fulani. Siombi tena aumie, na sitangoja tena anirudishie amani yangu. Nakukabidhi wewe." Jina na jambo lazima vitajwe. Kisha chana mstari wa tatu. Wa kwanza na wa pili uvitunze pamoja na hati zako, kwa maana kusamehe hakukukatazi kudai kiwanja mbele ya chifu wa avenyu (kiongozi wa mtaa) au mahakamani. Warumi 12:19 inakukataza kujilipizia kisasi, haki hujakatazwa.

Usiku wa tatu au wa nne kumbukumbu itarudi, na wengi hudhani maombi hayakufanya kazi. Yalifanya. Petro alipouliza kama asamehe mara saba, Yesu alimjibu saba mara sabini (Mathayo 18:22). Kila ikirudi, rudia sentensi moja, "Nilishamkabidhi Bwana," kisha endelea na kazi iliyo mkononi. Usianze hesabu upya.

Yusufu atusaidie hapa. Katika Mwanzo 41:51-52, mtoto wa kwanza anapozaliwa, anasema Mungu amemsahaulisha taabu zake. Wa pili anapozaliwa, anasema Mungu amempa kuzaa matunda katika nchi ileile alikoteseka. Ndugu zake walikuwa bado hawajaomba msamaha, wala yeye hakuwa ameondoka Misri. Baraka haikungoja mambo hayo mawili. Walipokuja, alilia (42:24), na hakujitambulisha mpaka alipoona Yuda amejitoa kubaki mtumwa badala ya Benyamini (44:33). Basi kumwachilia mtu ni kwako na Mungu. Kukaa naye tena kunataka matunda ya toba. Mwanamke aliyepigwa asirudishwe kwa mume anayepiga eti kwa sababu amesamehe. Mchungaji anayemsukuma anakosea.

Geuza karatasi sasa, maana wewe pia una deni. Mathayo 5:23-24 inasema uiache sadaka madhabahuni, ukapatane kwanza na ndugu yako. Kama ulipokea zamu yako ya likelemba (mchango wa kupeana pesa kwa zamu) ukaacha kuchanga, nenda kwa mama anayeshika daftari ukiwa na mpango: deni la dola 100, dola 10 kila mwezi kwa miezi 10, na zile 10 za kwanza ulipe siku hiyohiyo. Ukienda na maneno matupu, utamwongezea jeraha.

Na mtu akikuambia utoe dola 50 ili "minyororo ya zamani" ikatike, ondoka. Petro alimkatalia Simoni aliyetaka kununua kipawa cha Mungu kwa fedha (Matendo 8:20). Baraka hainunuliwi, na si lazima ije kama pesa: usingizi, mtoto anayesalimiwa tena na baba mkubwa, nguvu ya kurudi sokoni Virunga na karai la nyanya, hizo pia zinatoka kwa Mungu.

Majeraha ya vita na ya ubakaji usiyabebe kwa karatasi peke yake. Ikiwa ndoto mbaya, mshtuko au kukosa usingizi vinaendelea baada ya mwezi mmoja, tafuta mwanasaikolojia hospitalini huku ukiendelea kuomba. Bukavu, hospitali ya Panzi, iliyoanzishwa na daktari Denis Mukwege mwaka 1999, huunganisha matibabu ya mwili, msaada wa kisaikolojia na wa kisheria. Mwombe dada mmoja wa shirika lako la kanisani akusindikize siku ya kwanza, na umwambie mapema kwamba si lazima umsimulie lolote.