Kuanza Kucheza Dansi ya Wawili: Hatua za Mwanzo na Adabu za Ukumbini

Watu wengi wanaokuja kwangu kujifunza dansi ya wawili huomba kwanza wafundishwe mizunguko, kwa sababu mizunguko ndiyo inayoonekana kwa mbali. Mimi huanza na uzito wa mwili. Dansi hii, inayochezwa kwa starehe bila majaji na bila mpangilio uliokaririwa, ni mazungumzo baina ya miili miwili ambayo huenda haijawahi kukutana, na mtu asiyejua uzito wake umekaa mguu gani hawezi kumwambia mwenzake lolote la kueleweka. Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya mtu ambaye bado hajakanyaga ukumbi, au aliyeukanyaga mara moja akaondoka kwa haya.

Hatua ya 1: Chagua dansi moja

Chagua dansi ambayo muziki wake ungeupenda hata kama usingekuwa na mtu wa kucheza naye, kwa maana utausikiliza kwa mamia ya saa. Bachata, iliyozaliwa katika Jamhuri ya Dominika, humfaa mwoga: unahesabu mapigo manne, unapiga hatua tatu kwenda upande mmoja, na katika pigo la nne mguu unagusa tu sakafu bila kubeba uzito, kisha unarudi ulikotoka. Salsa huhesabiwa kwa mapigo manane. Katika namna inayofundishwa zaidi, hatua huwekwa katika pigo la 1, 2 na 3, kisha la 5, 6 na 7, na katika la 4 na la 8 hakuna hatua mpya. Wanafunzi wengi hupotea papo hapo, kwa kuwa mguu hauvumilii kungoja. Kizomba ya Angola na tango ya Buenos Aires na Montevideo huchezwa kwa ukaribu na kwa mwendo wa kutembea, kwa hiyo hudai utulivu kabla ya wepesi. Valsi nayo ina mapigo matatu. Usijifunze mbili kwa pamoja katika miezi ya mwanzo.

Hatua ya 2: Fahamu uzito wako uko wapi

Simama peku, miguu ikiwa karibu, magoti yakiwa yamelegea kidogo. Sogeza uzito wote kwenye mguu wa kushoto, kisha jaribu kuinua wa kulia kwa kimo cha unene wa kidole. Ukilazimika kuinama au kuyumba ili mguu uinuke, basi uzito haukuwa umehama. Ulikuwa umegawanyika, nusu huku na nusu kule. Rudia taratibu hadi mguu uliobaki huru uweze kuning'inia bila bega kushuka. Ninawaomba wanafunzi wangu wafanye zoezi hili kwa wimbo mzima kila siku, wakihesabu kwa sauti, kabla ya kusogea hata hatua moja.

Baada ya hapo anza kutembea kwa mdundo, na hatua zako ziwe fupi, zisizidi urefu wa wayo wako. Hatua ndefu humchelewesha mchezaji, na muziki ukienda kasi huwa hana tena njia ya kurudi chini ya mwili wake mwenyewe. Wapo wanaoona kazi hii ni ya kitoto. Nimeona, hata hivyo, kwamba aliyeifanya kwa wiki tatu hujifunza mzunguko wa kwanza kwa dakika chache, huku aliyeiruka akihangaika nao kwa miezi.

Hatua ya 3: Chagua nafasi yako

Katika wawili, mmoja huongoza na mwingine hufuata. Ingawa kwa desturi wanaume wameongoza na wanawake wamefuata, hakuna kitu katika mwili kinacholazimisha hivyo, na leo katika kumbi nyingi kila mtu huchagua. Anza na nafasi moja, kisha baadaye ujaribu ya pili, kwa kuwa hakuna mwalimu bora wa kuongoza kuliko kuongozwa vibaya. Anayefuata asidhani kazi yake ni kubahatisha kinachokuja. Kazi yake ni kuimaliza hatua aliyonayo na kungoja kwa utulivu, akiwa na mizani yake mwenyewe.

Hatua ya 4: Jifunze kushika

Katika mshiko wa kawaida wa wawili wanaotazamana, mkono wa kulia wa anayeongoza hukaa kwenye bapa la bega la kushoto la mwenzake, na mkono wa kushoto wa anayefuata hulala juu ya mkono huo, karibu na bega. Viganja vya upande wa pili hukutana kwa kimo cha kati ya bega na jicho la aliye mfupi. Shinikizo linalotosha ni dogo mno: wekeni viganja vyenu pamoja, kila mmoja amsukume mwenzake kwa nguvu inayozuia tu mkono usianguke, halafu mtembee mbele na nyuma bila kuongeza wala kupunguza. Kiwiliwili ndicho kinachotangulia, na mikono hufikisha habari tu.

Dole gumba linahitaji neno lake. Siku moja, katika miezi yangu ya mwanzo, mama mmoja aliyekuwa mchezaji wa muda mrefu alisimama katikati ya wimbo, akalifungua dole gumba langu lililokuwa limeubana mkono wake, akalilaza kando ya vidole vingine, kisha akaendelea kucheza bila kusema kitu. Wimbo ulipokwisha alinionyesha kifundo cha mkono wake, nami nikaelewa: anapozungushwa, mkono wake unapaswa kuteleza ndani ya wangu, na dole gumba linapoubana, kifundo ndicho kinachopindwa. Tangu hapo vidole vyangu ni ndoano iliyo wazi, nami huwafundisha wote hivyo.

Hatua ya 5: Jiandae mwili

Oga, kata kucha, vua pete kubwa na bangili zinazoweza kukwaruza, na ubebe shati la ziada na taulo ndogo. Marashi makali huwasumbua wengine, kwa hiyo yapunguze. Viatu viwe vya soli inayoteleza kiasi, kama ya ngozi, kwa sababu soli ya mpira hung'ang'ania sakafu, na mwili unapogeuka huku wayo umebaki palepale, goti ndilo linaloumia.

Hatua ya 6: Omba, kubali, na ukatae kwa heshima

Msogelee mtu kwa mbele ili akuone, mtazame, na useme kwa ufasaha: «Samahani, tunaweza kucheza wimbo huu pamoja?» Usimvute mkono kabla hajajibu. Usimwombe ruhusa aliyekaa naye, kana kwamba yeye hana kauli yake. Akisema «Hapana, asante», jibu «Haya, karibu wakati mwingine», na uondoke bila kudai sababu. Huenda miguu inamuuma, huenda wimbo haumpendezi, na huenda hataki tu kucheza nawe, na zote hizo ni sababu kamili. Akikukataa mara mbili bila yeye kukuita baadaye, mwachie yeye aje. Nawe una haki hiyohiyo ya kukataa, ila usiseme umechoka halafu ukainuka na mwingine katika wimbo uleule. Hapana ya kweli haimuumizi mtu kama kisingizio kinachofichuka mbele ya macho yake.

Tango ina ustaarabu wa pekee ninaoupenda sana. Watu huombana kwa macho na kuinamisha kichwa kutoka mbali, desturi iitwayo kabeseo, ili asiyetaka ageuze tu uso na pasiwe na anayeaibika. Nyimbo hupigwa kwa mafungu ya tatu au nne yaitwayo tanda, yakitenganishwa na kipande kifupi cha muziki mwingine, na wawili hubaki pamoja hadi fungu liishe. Kwa sababu hiyo, mgeni asiseme «asante» baada ya wimbo wa kwanza, kwani neno hilo huko lina maana ya kwamba amemaliza kucheza nawe. Kwenye salsa au bachata, shukrani baada ya wimbo mmoja ni jambo la kawaida.

Hatua ya 7: Cheza ukijua kuna wengine

Dansi zinazosafiri, kama valsi na tango, huzunguka ukumbi kinyume cha mwendo wa saa. Wanaotaka kucheza mahali pamoja huingia katikati, na anayepita hupita pembeni bila kinywaji mkononi. Anayeongoza aangalie nafasi iliyo nyuma ya mwenzake kabla ya kumpeleka huko, na ukumbi ukijaa afupishe hatua. Mkigongana, ombeni radhi nyote wawili kwa kutazamana, bila kwanza kutafuta mwenye kosa. Kama kisigino kimekanyaga mguu wa mtu, simameni mhakikishe hajaumia.

Mambo mawili siyakubali kabisa. La kwanza ni kumlaza nyuma au kumwinua mtu ambaye hamjakubaliana naye, kwa kuwa hujui hali ya mgongo wala shingo yake. La pili ni kumsahihisha mwenzako katikati ya wimbo bila yeye kuomba. Hatua isipoeleweka, ongoza iliyo rahisi zaidi. Lakini anayekuumiza, au anayekushika pasipostahili, mwambie palepale kwa sauti ya kusikika, na akiendelea, acha kucheza, utoke sakafuni na umweleze mwenyeji wa ukumbi. Huhitaji kungoja wimbo uishe.

Katika usiku wako wa kwanza, fika mapema, sakafu ikiwa bado na nafasi, na uwaambie unaocheza nao kwamba ndiyo kwanza unaanza. Wazoefu wengi watapunguza kasi kwa furaha. Nyimbo tatu au nne zinatosha. Zinazobaki, kaa pembezoni uitazame miguu ya wanaocheza vizuri, ukihesabu kimoyomoyo mahali uzito wao unapohama.