Namna ya kuendesha mchango wa matanga kazini bila ugomvi

Mwenzenu akifiwa, kundi la WhatsApp la mchango hufunguliwa kabla jua halijatua. Ugomvi nao hauchelewi: jina la mtu limeruka kwenye orodha, hesabu ya mweka hazina haitimii, au mmoja ametuma utani wa mechi ya Arsenal katikati ya salamu za pole. Mengi ya haya huzuiwa na maamuzi ya saa ya kwanza.

Chagueni watu watatu: mweka hazina, mwandishi wa orodha, na ndugu mmoja wa kusemea familia. Mweka hazina asiwe mkubwa wa idara. Mfanya usafi anayemtumia meneja wake shilingi 200 anajiona anapimwa, hata meneja awe mtu mwema kiasi gani. Tena, kabla namba ya mweka hazina haijatangazwa, aulizwe faraghani kama ana deni la Fuliza, ule mkopo wa M-Pesa wa kuongezea salio. Pesa zikiingia kwenye laini yenye deni hilo, deni hukatwa humo papo hapo. Michango ya watu kumi inaweza kumezwa na mkopo wake bila yeye kubonyeza chochote, na hapo hata akieleza vipi, jina lake limeshachafuka. Alilipe kwanza, au achaguliwe mwingine.

Mfiwa mwenyewe msimtie kwenye kundi. Hana haja ya kuona nani ametoa na nani yuko kimya. Wiki ijayo atakaa nao meza moja.

Kwenye mipangilio ya kundi, ruhusu wasimamizi pekee kutuma ujumbe, na washa idhini ya msimamizi kwa kila anayeingia kwa linki. Kuna watakaosema kundi limepoa. Na lipoe. Pole ipelekwe kwa mfiwa kwa simu, au kwa miguu pale kwake Umoja au Kawangware, mitaani Nairobi, watu wanapokutana jioni. Kundi hili ni la hesabu.

Tangazo la kwanza liandikwe likiwa kamili, kwa sababu litasambazwa hadi kwa watu msiowajua. Kwa mfano:

"Mwenzetu wa stoo amefiwa na mama yake. Mazishi ni Jumamosi, Kakamega. Tuma mchango kwa M-Pesa namba (andika namba). Jina litakalotokea ni (andika jina kama lilivyosajiliwa). Mwisho ni Jumatano saa mbili usiku. Kiasi chochote kinapokelewa."

Usiache kuandika jina lililosajiliwa. Matapeli huchukua tangazo, wakabadilisha namba peke yake, wakalisambaza upya. Anayetuma akiona jina jingine kwenye simu, atasita kabla ya kumaliza.

Kwa nini Jumatano? Mazishi ya Jumamosi upande wa Magharibi au Nyanza humaanisha msafara unaondoka Nairobi Alhamisi au Ijumaa. Bili ya mochari inalipwa kabla mwili haujatolewa, na mwenye basi anataka pesa zake kabla ya gari kuwashwa. Mchango wa Ijumaa jioni huikuta familia imeshakopa.

Kiwango cha chini msiweke. Kutuma hadi shilingi 100 kwa M-Pesa hakuna ada, kwa hiyo hata anayetoa mia hapotezi kitu njiani. Ikiwa kampuni inapendekeza kukata kwenye mshahara, Sheria ya Ajira ya Kenya ya 2007, kifungu cha 19, inataka mfanyakazi aombe mwenyewe kwa maandishi makato ya namna hiyo. Tangazo la meneja kwamba "kila mtu atakatwa 500" si maombi ya mfanyakazi.

Sasa orodha, maana hapa ndipo urafiki huvunjika. Desturi ni kila mtu kunakili orodha ya mwisho, kuongeza jina lake na kuituma tena. Wawili wakinakili orodha ileile kwa wakati mmoja, kila mmoja akaongeza jina lake, orodha itakayofuatwa ni ile iliyotumwa mwisho, na jina la mwenzake halimo. Hakuna aliyelifuta, lakini mwenye jina ataamini amefutwa. Kwa hiyo orodha iandikwe na mtu mmoja tu, itoke mara moja kwa siku saa ileile, nayo ipewe namba: "Orodha ya 2, Jumanne, saa mbili usiku." WhatsApp inakuruhusu kuhariri ujumbe ndani ya dakika 15; kosa likigunduliwa baadaye, subiri orodha ya kesho. Ibandike juu ya kundi kwa siku 7.

Je, kiasi kiandikwe mbele ya jina? Wengi husema ndiyo, kwamba uwazi huwasukuma walio wazito wa kutoa. Kazini mimi nakataa kabisa. Orodha yenye 5,000 juu na 100 chini inageuka ngazi ya vyeo, na wenye kidogo mara nyingine huona heri wasitoe. Andika majina, idadi ya watu na jumla. Viasi vikae kwenye daftari pamoja na namba ya muamala, ile yenye herufi na tarakimu 10, na wale watatu walilinganishe daftari na taarifa ya M-Pesa kila jioni.

Ahadi ziwe na orodha yake. Usizijumlishe kamwe na pesa zilizoingia, hasa katikati ya mwezi wakati mifuko imekauka. Familia ikiambiwa kuna 80,000 italipia jeneza la 80,000, hata kama 30,000 kati ya hizo bado ni maneno.

Picha ya skrini isihesabiwe kuwa malipo, kwani ujumbe wa kughushi hutengenezwa kwa urahisi. Ujumbe halali hutoka kwa MPESA, si kwa namba ya mtu, na salio ndilo la kuamini; liangalie kwa *334#. Wanaotuma picha waambie wafunike salio lao. Aliyekosea namba asambaze ujumbe wa muamala kwenda 456 mara moja, maana mpokeaji akishatoa pesa, kuzirudisha ni shida.

Wakati wa kulipa, mweka hazina asitoe pesa taslimu. Alipe mochari na basi moja kwa moja kwa Paybill au Till, yaani namba zao za malipo za M-Pesa, na baki aitume kwa ndugu yule wa familia. Akaunti ya M-Pesa haibebi zaidi ya shilingi 500,000, na muamala mmoja hauvuki 250,000, kwa hiyo mchango mkubwa upangiwe benki mapema. Ada za kutuma ziandikwe kwenye hesabu hadi shilingi ya mwisho.

Siku ya Jumatatu baada ya mazishi, tuma hesabu ya mwisho: kilichoingia, kilicholipwa na kwa nani, ada, na kilichokabidhiwa familia. Lipe kundi siku mbili za kuuliza, kisha lifungwe. Atakayekumbuka ahadi yake baada ya hapo apewe namba ya yule ndugu, amtumie mwenyewe.