Mtandao ukilemewa asubuhi, usikimbilie kuongeza kifurushi: wasake mawakala kwanza

Ofisi moja ya wanunuzi wa samaki hapa Kirumba, Mwanza, jirani na soko la samaki la Mwaloni, ilinipigia simu siku tatu mfululizo, kila siku saa mbili na dakika chache asubuhi. "Fundi, mtandao umelala tena." Wana kompyuta 14, seva moja, na laini ya Mbps (megabiti kwa sekunde) 10 za kupakua na 3 za kupakia. Saa hizo ndipo sangara wanapimwa, na mhasibu anatakiwa kutuma hati ili gari liondoke na barafu haijayeyuka. Mwenye ofisi alishaamua kulipia kifurushi kikubwa zaidi. Nikamwomba anipe siku moja.

Laini ilikuwa inaliwa na mawakala. Sisemi wale wa kutuma na kutoa pesa, ingawa jina linafaa: wakala wa programu naye hufanya kazi kwa niaba yako bila kusubiri ubonyeze chochote. Anatafuta masasisho, anapandisha picha kwenye hifadhi ya mtandaoni, anachukua nakala rudufu, anaiuliza swichi (kigawanyio cha nyaya za mtandao) kama iko hai. Wakala wa pesa anatumia floti yake. Huyu anatumia laini yako. Kumsaka naenda hivi.

Hatua ya 1: Pima watu wakiwa wamekaa pembeni

Waombe wote waache kompyuta zikiwa zinawaka, wasiguse kitu kwa dakika kumi. Wakanywe chai. Kinachopita kwenye ruta muda huo ni kazi ya mawakala watupu. Kwenye ruta ya MikroTik fungua Torch, kionyeshi cha data inayopita, uchague upande wa mtandao wa ndani, uone anwani ipi inavuta au kusukuma zaidi. Kama ruta yako haina kifaa hicho, chomoa waya mmoja mmoja kwenye swichi huku ukipima kasi. Inachosha, lakini jibu linapatikana.

Pale Kirumba, mikono yote ikiwa kwenye vikombe, Mbps 3 za kupakia zilikuwa zimejaa pomoni.

Watu wengi hupima kupakua tu, na hapo ndipo wanapopotea. Unapopakua faili, kompyuta yako hurudisha vijumbe vidogo vya kuthibitisha kwamba vipande vimefika. Njia ya kupakia ikijaa, vijumbe hivyo vinakwama kwenye foleni, na seva ya upande wa pili inapunguza mwendo ikisubiri. Kwa hiyo wakala mmoja anayepandisha mafaili anaweza kuwakwamisha wote wanaopakua, hata kama upande wa kupakua uko wazi.

Hatua ya 2: Mtambue kwa jina

Nenda kwenye mashine uliyoibaini. Kwenye Windows bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika `resmon`, fungua kichupo cha Network, kisha bofya safu ya Total ili mlaji mkubwa apande juu. Kwenye Linux, `sudo nethogs` inatosha. Ukikuta svchost.exe usiizime, ndani yake kuna huduma nyingi za Windows. Iwekee alama kwenye kichupo cha CPU, na chini yake utaonyeshwa huduma husika.

Andika kwenye daftari: mashine, programu, saa, kiasi. Ukikutana na programu isiyojulikana na mtu yeyote, inayosukuma data usiku kucha, chomoa waya wa mashine hiyo kwanza, maswali baadaye.

Hatua ya 3: Wapangie saa, na uwe makini na saa zenyewe

Mlaji wa Kirumba alikuwa wakala wa nakala rudufu kwenye seva. Nilipofungua ratiba yake nikakuta 08:00. Kijana aliyemfunga alikusudia saa nane usiku, wakati ofisi imelala. Lakini mashine huhesabu kuanzia usiku wa manane, na saa nane usiku kwake ni 02:00. Basi kila siku saa mbili asubuhi, watu wakikaa tu kwenye viti, seva ilianza kusukuma gigabaiti za hati kwenda nje. Kosa hili linaweza kumpata fundi yeyote aliyekua akihesabu saa kwa jua. Ndiyo maana siku hizi naandika zote mbili: "saa 8 usiku = 02:00".

Kagua pia majira ya seva yenyewe. Seva ya kukodi mara nyingi huwa kwenye UTC (saa ya kimataifa), na 02:00 ya huko ni saa kumi na moja alfajiri kwetu. Iweke kwenye Africa/Dar_es_Salaam.

Hatua ya 4: Sasisho lishuke mara moja, ligawanywe ndani

Usizime masasisho. Nimeona mashine zilizozimiwa masasisho ili kuokoa bando, na kilichozikuta baadaye kiligharimu mara nyingi zaidi.

Piga hesabu: sasisho la MB 700 kwa kompyuta 14 ni GB 9.8. Kwa Mbps 10 hiyo ni zaidi ya masaa mawili, tena bila mtu mwingine kutumia laini. Likishuka mara moja ni kama dakika kumi. Kwenye Windows 10 na 11, ndani ya mipangilio ya masasisho, kuna Delivery Optimization. Ruhusu kupokea kutoka kompyuta nyingine, lakini chagua zile za mtandao wa ndani pekee, maana chaguo lile jingine linaifanya mashine yako iwapandishie watu wa nje pia. Kisha washa kompyuta moja mapema, imalize kushusha, ndipo uwashe nyingine. Umeme ukikatika na kurudi, zote huamka pamoja na kudai kwa pamoja, kwa hiyo waeleze watumiaji utaratibu huu.

Hatua ya 5: Weka kikomo kwa asiyesikia ratiba

`/queue simple add name=nakala target=192.168.88.20/32 max-limit=1M/5M`

Amri hii ya MikroTik inaiwekea kikomo mashine yenye anwani iliyoandikwa kwenye target. Kwenye max-limit, namba ya kwanza ni kupakia, ya pili kupakua. Ukiona kikomo hakifanyi kazi, angalia kanuni ya FastTrack (njia ya mkato ya kuharakisha data) kwenye ukuta wa moto wa ruta: miunganisho inayopitia hapo hairuki tu ukaguzi, inaruka na foleni yako. Izime.

Hatua ya 6: Usisahau wakala wako mwenyewe

Nina kituo Ukerewe kinachotumia modemu ya bando. Tuseme programu ya uangalizi inauliza vipimo 40 kwa SNMP (lugha ya kuviuliza vifaa vya mtandao hali yake), kila swali na jibu lake baiti 200, kila sekunde 10. Kwa mwezi ni kama GB 2, bila mtu kufungua hata ukurasa mmoja. Ikiuliza kila dakika 5, ni MB 69. Nimebadilisha.

Baada ya wiki rudia hatua ya 1. Kirumba tulibaki na kilobiti chache tu wakati wa chai, na kifurushi ni kilekile. Orodha ya mawakala, kila mmoja na saa yake kwa namna zote mbili, nimeibandika ndani ya mlango wa kabati la ruta.